Uji Ambao Shangazi Yako Hakuuonja

Kabula mwanangu,

Umetoka na wenzako wa kwaya kwenda kuagana, na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Sijakuamini, ila nimefurahi kwamba nyumba iko kimya na baba yako yuko barazani kwenye cherehani yake, anamalizia suruali ya mtu. Nimekaa jikoni niandike. Utauliza kwa nini nisikuandikie kwenye simu kama wazazi wa wenzako. Ujumbe wa simu unasomwa na kila aliyekaa karibu yako kwenye basi. Karatasi utaificha. Nitaiweka kwenye begi katikati ya sare zako za kazi, na juu yake nitaandika ufungue ukifika Musoma, ingawa najua utakuwa umeshaifungua kabla ya Lamadi.

Ya kukumbushana siyaandiki. Kufua sare, kuwahi zamu, kutokukopesha wenzako nguo, hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafunga mdomo. Nataka kukuandikia juu ya chai ya asubuhi. Usicheke.

Mwaka huu umenionyesha kwenye simu yako mwanaume mmoja mwenye misuli anayesema kuruka chai ya asubuhi kunapumzisha tumbo. Siku chache baadaye akaja mwanamke mmoja, naye anasema asiyekula asubuhi anajiua polepole. Niliwatazama vizuri wote wawili. Yule mwanaume chini ya picha yake alikuwa anauza majani ya kupunguza kitambi. Yule mwanamke alikuwa na kopo la unga wa lishe mezani, limegeuzwa ili tusome jina. Kwa hiyo mimi sina upande. Tumbo linataka nini asubuhi, wewe uliyesomea uuguzi unajua kuliko mimi. Ila usinidanganye kwamba uliacha kunywa chai kwa sababu ya simu. Simu imekupa maneno tu. Uliacha kwa kuniiga mimi, na mimi niliacha kwa sababu ya shangazi yako Nyafuru, ambaye keshokutwa utaamka nyumbani kwake.

Unanijua nilivyo. Nanusa maziwa mbele ya muuzaji. Samaki namfunua mashavu hata kama bado anarukaruka. Mgeni akisema nyumbani wote hawajambo, nakaa nikisubiri aseme habari zenyewe. Baba yako huwa anasema nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuona chumba. Anatania, lakini kuna kipindi utani huo ulikuwa unaniuma, kwa sababu hakujua ni kweli kiasi gani.

Nimelelewa hivyo. Kwetu Usagara ni njiapanda, watu wa kila upande walikuwa wanashuka pale kungoja gari lingine, na wengi walikuja mlangoni kwa bibi yako mzaa mama kuomba maji. Aliwapa wote. Na kila aliyempa, alionja kwanza yeye mbele ya macho yao, kisha akafuta mdomo wa kikombe kwa kiganja, ndipo akanyoosha mkono. Ilikuwa heshima, na ilikuwa pia kumwondolea mtu wasiwasi. Sisi watoto tulionjewa, baba alionjewa, jirani alionjewa. Ukipewa kinywaji ambacho mtoaji hajakionja, bibi yako alitufundisha, unakipokea, unashukuru, unakiweka chini. Nilipokuwa naolewa na mtu wa Majita, ng'ambo kule ambako hakuna aliyekuwa anatujua, alinishika mkono akaniambia, "Ukweni kula, mwanangu. Ila mtazame mkono yule anayekupa." Nikaenda na neno hilo moja tu, mengine yote aliyonifunda niliyasahau njiani.

Nyumba ya babu yako ilikuwa karibu na ziwa kiasi kwamba usiku unasikia watu wa dagaa wakiitana majini. Sikujua Kijita hata cha kuomba chumvi. Shangazi yako Nyafuru alikuwa msichana bado, hajaolewa, mrefu, mwenye macho ya kukukagua, na kazi ya kumhudumia mke wa kaka yake ilikuwa yake. Asubuhi ya kwanza akaniletea uji wa ulezi uliotiwa ukwaju, na kiazi kitamu kwenye sahani. Akapiga funda, akafuta kikombe kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili. Nakwambia ukweli, nilikaribia kulia. Nilijiona nimefika nyumbani. Nikaunywa wote nikakwangua na chini. Asubuhi ya pili hivyo hivyo, na iliyofuata.

Kisha jioni moja nikawa nimekaa nje nachambua dagaa, nikawasikia jikoni yeye na bibi yako mzaa baba wanaongea. Kijita chote. Katikati nikasikia jina langu. Wakacheka. Likatajwa tena, kikafuata kicheko kirefu zaidi, na Nyafuru akachungulia mlangoni, akaniona, akarudisha kichwa ndani. Machale yakanicheza. Nililala nikigeuka geuka, baba yako akadhani ni mbu.

Asubuhi yake Nyafuru akaja na kikombe. Hakuonja. Alinipa hivi hivi, kwa mkono mmoja, na kabla sijasema asante alikuwa ameshageuka anakwenda kufagia uwanja, anaimba.

Nilikishika kile kikombe mpaka kikapoa. Nikazunguka nyuma ya jiko kwenye shina la mgomba, nikamwaga. Kuku mmoja akaja mbio akaanza kudonoa. Nikachutama pale nikimwangalia. Mwanangu, nilimngojea yule kuku afe. Alidonoa, akajipangusa mdomo kwenye jani, akaenda zake kuchakura. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nikajiambia kwamba dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu haiwezi kumdhuru kuku.

Kesho yake akaja na kingine, na safari hii pia hakuonja. Nikamwambia nisamehe wifi, mimi si mtu wa chai ya asubuhi, tumbo langu halipokei kitu mpaka jua lipande.

"Mbona juzi ulikunywa?" akaniuliza. "Na ukakwangua."

"Nilijilazimisha. Niliona aibu kukukatalia."

Akanitazama na macho yake yale. Akachukua kikombe, akarudi nacho jikoni, na nyimbo zikakoma. Mpaka tunaondoka Majita hakuniletea tena uji. Salamu ziliendelea, kazi tulifanya pamoja, lakini alikuwa ananiita "mke wa kaka" badala ya wifi. Nikaona hiyo nayo ni dalili ya ubaya wake. Sikumwambia baba yako. Ningemwambiaje kwamba namshuku dada yake kuniwekea kitu kwenye uji?

Sasa uongo una shida yake: ukishaupeleka nyumbani unataka kulishwa kila siku. Baba yako alikuwa amesikia nilivyomjibu dada yake habari ya tumbo. Tulipofika hapa Pasiansi akawa anawaambia watu kwa sifa, "Mke wangu haamki na njaa." Ningefanyaje? Nilingoja atoke kwenda dukani mjini alikokuwa anashona, ndipo nikala kiporo nimesimama nyuma ya mlango. Alipohamishia cherehani hapa barazani, nikahangaika. Nadhani ndiyo sababu ya kweli iliyonifanya nianze kuuza chapati na supu pale kibandani, ingawa nilisema ni kwa ajili ya ada yako. Nilitaka mahali pa kula asubuhi ambapo mume wangu hanioni.

Na hapo pia sikupata raha, kwa sababu wateja nao wana macho. Siku moja kijana wa bodaboda akalisukuma bakuli la supu mbele yangu. "Mama Kabula, miaka yote nakula hapa sijakuona ukila chako. Hebu onja kwanza." Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyenyanyua kijiko. Nikaonja. Nikameza mbele yao, huku najipinda kutazama kama baba yako yuko njiani. Mimi niliyemwaga uji wa watu, leo nimegeuka wa kushukiwa supu. Niliona ni matusi makubwa. Wakati ule sikuunganisha mambo.

Wewe ulipokuwa mdogo nilikupa uji kama mtoto yeyote. Lakini ulikuwa unanitazama. Ulipoanza sekondari ukaacha kikombe mezani asubuhi moja ukasema, "Na mimi ni kama mama." Baba yako akafurahi, mimi nikakiondoa kikombe. Halafu siku ile ukaanguka kwenye mstari wa asubuhi shuleni, nikaitwa. Mwalimu wa malezi alikuwa ameshakuuliza umekula nini, nawe ulimjibu kwamba kwenu hamnywi chai. Alinikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye khanga yangu iliyokuwa bado na unga wa chapati. Akaniuliza, "Mama, unauza chai ya asubuhi, na mtoto wako hanywi?" Nilijua anachofikiri. Nilirudi nimekasirika, nikakufokea wewe, kumbe mwenye kustahili kufokewa nilikuwa mimi.

Nimekusimulia yote hayo ili ufike kwenye mwezi uliopita, shangazi yako alipokuja. Ulikuwepo, ila hukuona nilichokiona.

Unakumbuka alivyokuja. Ulikuwa umepata kazi hospitali ya Musoma, nami nilikuwa nimeshaanza kuulizia chumba cha kupanga, nikisema ni vizuri ujitegemee. Akapata habari, akapanda basi siku hiyo hiyo na mfuko wa dagaa na unga wa ulezi. Hakukaa hata vizuri. "Mtoto wa kaka yangu apange chumba mji ninaoishi mimi? Watu waniulize nimemfanya nini?" Baba yako akasema hilo limekwisha, utakaa kwa shangazi. Nami nikasema sawa.

Asubuhi akaamka kabla yetu, akaingia jikoni kwangu kupika uji. Nilisimama mlangoni nikijifanya nachambua mchele. Nilikuwa natazama mikono yake. Amezeeka, mwanangu, mishipa imetoka, na tangu mumewe afariki amekonda, lakini mimi nilikuwa natazama kama mikono ile itaingia mfukoni. Jirani yetu Mama Shija akapita kuchukua beseni lake. Shangazi yako akamkaribisha, akachota, akapiga funda, akafuta kikombe kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili. Halafu akachota kingine. Akakupa wewe, bila kuonja, anaendelea kuongea na Mama Shija.

Nikajikuta nasema kwa sauti, "Wifi, mbona wa mtoto hukuuonja?"

Akageuka ananishangaa. "Niuonje wa Kabula? Kwani Kabula mgeni?" Akacheka na Mama Shija. "Kwetu mgeni tunamwonjea siku za mwanzo. Ukiona tumeacha, ujue umeshakuwa wa nyumba ile. Unamwonjea mtoto wako? Si itakuwa kumtukana?" Kisha akaninyooshea mwiko. "Hata wewe tulikuonjea. Halafu mama akasema basi, huyu mtoto anakwangua kikombe kama mtu aliyezaliwa hapa, acheni kumwonjea. Tulikucheka sana siku ile jikoni."

Hivyo ndivyo nilivyojua walikuwa wanacheka nini.

Bibi yako mzaa baba yuko kaburini, hata kukuona ukimaliza shule ya msingi hakuwahi. Alinipa nyumba yake katika kikombe kimoja cha uji, na mimi nikaenda nacho nyuma ya jiko. Sina wa kumwomba radhi. Inaniuma sasa hivi ninapoandika na itaniuma kesho.

Lakini mimi ni mimi. Unadhani niliamini hapo hapo? Nilijiuliza kama ameitunga papo kwa papo. Jioni nikamwendea baba yako kwenye cherehani nikamuuliza kama mtu anayepiga soga, hivi kwenu mgeni mnamwonjea? Hata hakuinua kichwa. "Siku za mwanzo. Kwani hukujua?" Nikasema nilijua. Miaka yote hii jibu lilikuwa limelala kitandani pamoja nami, na sikuuliza, kwa sababu nilimshuku hata yeye kwamba atamtetea dada yake.

Sasa nikurudishe pale jikoni, maana kilichonifanya nikae niandike ni hicho. Ulikuwa umeshika kikombe. Ulinitazama mimi. Ulikitazama kikombe. Ukasema kwa adabu kabisa, "Nisamehe shangazi, mimi si mtu wa chai ya asubuhi. Tumbo langu halipokei kitu mpaka jua lipande."

Maneno yangu, Kabula. Hata neno moja hukubadilisha. Sijui uliyasikia wapi mara ya kwanza, pengine baba yako amekuwa akiyarudia kwa ndugu, lakini nilisikia sauti yangu inatoka kinywani mwako. Na shangazi yako alisikia pia. Hakukutazama wewe, alinitazama mimi, kwa muda mrefu. Kisha akachukua kikombe mkononi mwako akakinywa chote, amesimama, mpaka chini. Sijui kama siku hiyo alielewa kitu. Nashuku alielewa. Na unajua akili yangu ilisema nini wakati anakunywa? Ilisema, basi hakikuwa na kitu. Baada ya kusikia yote yale, bado ilikuwa inapima. Niliona aibu ambayo siwezi kukuelezea.

Kwa hiyo sikiliza, na hapa sikuhubirii. Sikwambii ule kwa ajili ya afya. Kuna asubuhi hutakuwa na njaa, na kuna zamu zitakazokutoa kitandani mapema mno, na hapo sema tu, "Shangazi, sina njaa." Atakuelewa. Ukiona kitu cha kukutia wasiwasi, muulize, hata kama swali ni la kijinga. Uliza siku hiyo hiyo, usingoje mpaka wenye majibu wafe. Ila usimwambie habari za tumbo. Neno hilo la tumbo nimelilea mimi, na halikuwahi kuwa kweli. Asubuhi huwa naamka na njaa ya kuweza kula meza.

Na dunia ina watu wabaya, sikufichi. Huko hospitali, mtu usiyemjua akikununulia soda iliyokwishafunguliwa, iache. Anayekusifia sana siku ya kwanza, mpe muda. Sijageuka mtu wa kuamini kila kitu, na wala sitaki ugeuke. Lakini kumtazama kila mtu mkono maisha yako yote kunachosha mabega, mwanangu, na mwisho wake unakula peke yako nyuma ya mlango.

Kesho asubuhi, kabla hatujakusindikiza stendi, nitaweka vikombe vitatu mezani. Nitakaa na baba yako ninywe chai na viazi mbele yake. Atashtuka. Atadhani naumwa, au nina mimba uzeeni, na atataka maelezo, nami nitampa nikisharudi kutoka stendi. Naogopa maelezo hayo kuliko ninavyoogopa kukuaga. Dada yake nitampigia mwenyewe. Sijui nitaanzaje, lakini nitaanza kwa kumwita wifi na kusubiri aniite hivyo.

Keshokutwa asubuhi atakuletea uji. Nashuku ataonja kwanza, maana ule wa jikoni kwangu uliukataa, umejirudisha ugenini mwenyewe. Usiumie. Unywe. Na unaofuata uunywe. Mshukuru, mwoshee kikombe, mwulize habari za bibi yako, mama yake, atakusimulia mambo ambayo mimi sikukaa karibu naye vya kutosha kuyasikia. Endelea hivyo mpaka asubuhi moja atakuja na kikombe, hajaonja, anaongea mambo mengine, atakupa hivi hivi na kugeuka kwenda zake.

Utaogopa kidogo, kwa sababu wewe ni mtoto wangu. Kunywa hivyo hivyo.

Akupendaye na asiyekuamini kwamba hujaifungua kwenye basi,

Mama yako